Nimepata kazi ya kupima kumbukumbu za wazee, lakini kukaa kimya mzee anaponiuliza kunanishinda

Nyar Winam:

Wanajukwaa, nawasalimu kwa heshima. Nina shahada ya kwanza ya saikolojia, na kwa miaka mitatu nimekuwa mshauri nasaha katika shule moja ya sekondari upande wa Ahero. Mwezi uliopita nilifanya usaili katika mradi wa chuo kikuu unaochunguza jinsi akili inavyobadilika uzeeni, nikapewa kandarasi ya mwaka mmoja ya kuwatembelea wazee waliotimiza miaka 60 katika kaunti za Kisumu na Vihiga, kuwapima kumbukumbu, umakini na lugha, kisha kuwarudia baada ya miezi kumi na miwili ili kuona kilichobadilika.

Mafunzo yameanza, na jambo moja linaninyima usingizi. Tunaagizwa tusome maelekezo neno kwa neno, tusimsaidie mzee, wala tusimwonyeshe kwa kauli au kwa uso kama amepata au amekosa. Juzi, katika zoezi la majaribio mtaa wa Manyatta, nilimkabidhi karatasi mama mmoja wa rika la nyanya yangu nikamsomea fomu ilivyo: achore saa, aweke namba zote, kisha mishale ionyeshe saa kumi na moja na dakika kumi. Duara lilikuwa zuri na namba zilikaa mahali pake. Mshale mfupi aliuelekeza kwenye 5, akaniinulia macho: "Mjukuu wangu, ni hivi?" Nikanyamaza kama nilivyofundishwa. Akaufuta, akaupeleka kwenye 11, akaufuta tena, kisha akaweka kalamu chini. Mwongozo unataka 11, kwa hiyo nilimnyima alama ya mishale.

Kwetu mtoto hanyamazi mkubwa anapomuuliza. Nilitoka pale nikijiona sina adabu. Ninaomba walioifanya kazi hii waniambie kama nitazoea, au kama hii ni dalili kwamba nibaki shuleni. Pia ningependa kujua kipimo tunachotumia, kilichotungwa Canada, kinasema nini juu ya mzee ambaye hajawahi kukaa darasani.

Mpimaji wa Zamani:

Dada Nyar Winam, tuyaache ya adabu kwanza, kwa sababu fomu yenu ina kosa na yule mama hakuwa nalo. Kipimo hicho, ambacho bila shaka ni MoCA (Montreal Cognitive Assessment), kinamtaka mtu achore saa ya dakika kumi baada ya mshale mfupi kupita 11. Saa hiyo sisi huiita saa tano na dakika kumi, na Wajaluo huiita saa abich. Aliyeitafsiri aliihamisha namba ya Kiingereza bila kukumbuka kwamba sisi huhesabu saa kuanzia mapambazuko, na matokeo yake mkamwomba mama wa watu achore saa ya jioni. Mara ya kwanza akaichora sawasawa kwenye 5, nawe ukamkata alama.

Hata baada ya kusahihisha, msidhani mmepata jaribio lile lile. Kwa Kiingereza saa hiyo iliteuliwa kwa makusudi: neno "kumi" humvuta mtu aelekeze mshale mrefu kwenye namba 10 badala ya 2, na asiyeweza kujizuia hunaswa hapo. Kwa Kiswahili mitego inakuwa miwili, kwa kuwa "tano" nayo huvuta mshale mfupi kwenye 5 badala ya 11. Mwombe msimamizi wako alipeleke jambo hili kwa mtafiti mkuu kabla ya mzee mwingine kupimwa.

Sasa kuhusu kimya. Mtakaporudi mwakani, huenda atakayempima mama huyo si wewe. Ukimwongoza leo kwa kutikisa kichwa tu, na mwenzako mwakani asimwongoze, alama zake zitashuka na kompyuta itaandika kwamba akili yake imedhoofika. Kwa hiyo kimya ni cha lazima, ila usimfanyie mtu kimya ambacho hukumtangazia. Mimi nilikuwa nikisema kabla ya kufungua fomu: "Mama, humu kuna maswali mepesi na mengine ambayo hata sisi vijana hutushinda. Ukiniuliza kama umepata, nitashindwa kukujibu hadi tumalize. Si dharau, ni masharti niliyopewa." Hakikisha mwongozo wenu unaruhusu maneno ya namna hiyo, kisha wapimaji wote wayatumie. Kusifu bidii kunakubalika, mradi ulisifu jibu sahihi na jibu lisilo sahihi kwa sauti ile ile. Hilo la sauti ndilo gumu, na lilinichukua miezi.

Mwalimu wa Mbale:

Naomba kusema kama mtoto wa aliyepimwa. Mradi mmoja, ambao sitautaja, ulimtuma kijana nyumbani kwetu. Alimhoji mama uani mbele ya wakaza wanawe, kisha akatangaza kwamba amepata 18 kati ya 30. Mama hakuwa amevaa miwani, na sikio lake la kushoto halisikii. Hadi jioni kijiji kizima kilikuwa kinasema kwamba mama wa mwalimu amepotewa na akili, na tangu siku hiyo hakwenda tena kwenye chama chake. Hakuna aliyerudi kutueleza lolote. Tafadhali, dada yangu, mpime mzee mahali pa faragha, umuulize kwanza kama anakuona na kukusikia, na alama zake usimsomee mtu uani.

Muuguzi Kakamega:

Nitajibu lile la shule. MoCA ilichapishwa mwaka 2005 kutoka Montreal, na kiwango chake cha 26 kati ya 30 kilipatikana kwa watu waliosoma. Mwenye elimu ya miaka 12 au pungufu huongezewa alama moja tu. Ukiwapima kwa kiwango hicho akina mama waliozaliwa kabla ya uhuru, ambao wengi wao hawakupata nafasi ya kushika kalamu, utawaita wagonjwa watu wanaoendesha shamba na kukumbuka madeni ya soko zima. Kwa majirani zetu wa Tanzania, katika wilaya ya Hai, kilitengenezwa kipimo kiitwacho IDEA chenye alama 15, ambacho hakimtaki mzee asome wala aandike: hupanga vijiti vya kiberiti kwa kufuata mfano, hueleza daraja ni nini, na hukumbuka orodha ya maneno. Uliza kwa nini mradi wenu haukukitumia. Huenda wana sababu nzuri.

Uliza pia kuhusu swali la kutaja wanyama kwa dakika moja. Kwa kawaida ndege na samaki huhesabiwa, lakini mzee wetu akisikia "wanyama" anaweza kuwaacha wote, na akiulizwa kwa Kijaluo kwa neno "jamni" atabaki kwenye ng'ombe, mbuzi na kondoo kwa sababu ameulizwa mifugo. Mzee wa Dunga, kijiji cha wavuvi, naye akikutajia samaki kama ngege, mbuta, kamongo na omena, ni lazima ujue mapema kama utampa alama.

Na uifahamu mipaka yako. Alama ndogo si ugonjwa. Huzuni ya muda mrefu, upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingoni (thyroid) iliyolegea au virusi vya UKIMWI vinaweza kuvuruga kumbukumbu, na baadhi ya hayo yana tiba. Usitie saini ridhaa ya mtu yeyote kabla mradi haujakuonyesha kwa maandishi mzee mwenye alama za kutia shaka atapelekwa wapi na nani atalipa nauli.

Msafiri wa Luanda:

Kandarasi za utafiti huisha pamoja na fedha za mfadhili. Omba likizo bila malipo, usijiuzulu.

Nyar Winam:

Nawashukuru nyote. Leo asubuhi nilimwonyesha msimamizi ile fomu. Aliisoma mara mbili, akatazama saa ya mkononi mwake, kisha akampigia simu mtafiti mkuu. Mazoezi yamesimamishwa hadi tafsiri zote mbili, ya Kiswahili na ya Kijaluo, zipitiwe upya, na suala la samaki limeingizwa kwenye ajenda. Lile la rufaa, yaani mzee mwenye alama za kutia shaka atapelekwa wapi, hawakuwa na jibu la maandishi. Nimeahidiwa litapatikana kabla ya kuanza, nami nimesema nitalisubiri ndipo nitie saini kandarasi. Barua ya likizo nimeipeleka kwa mwalimu mkuu.

Kwa ruhusa ya msimamizi nilipitia Manyatta kumwambia yule mama kwamba kosa lilikuwa la karatasi yetu. Alicheka sana. Alisema saa kumi na moja anaijua vizuri, kwa kuwa ndiyo saa anayowasha jiko la kukaangia samaki wa kuuza, na akashangaa ni nani aliyetaka aiweke asubuhi.