Kasha la kaseti za hevi metali limeota ukungu: niziokoe au niziuze?

Mpwa wa Baharia

Wakuu, shikamoo kwa mnaostahili, wengine habari za leo.

Mjomba wangu alikuwa baharia, miaka ya 80 na kuendelea. Wenzake meli ikitia nanga Rotterdam au Hamburg wanakimbilia redio na viatu, yeye anatafuta duka la kaseti za hevi metali, ule muziki wa roki wa magitaa makali. Siku hizi yuko Muscat kwa wanawe, na kasha lake la bati limebaki hapa Tanga kwa bibi, uvunguni. Mwimbaji Ozzy Osbourne alipofariki Julai 2025, mjomba akanitumia ujumbe wa sauti usiku wa manane, kilio kitupu, ananiambia nifungue kasha nimsikilize Ozzy kwa niaba yake kwa sababu yeye huko hana hata deki.

Nikafungua. Kuna kaseti kama arobaini za bendi mbalimbali: Black Sabbath, Judas Priest, Iron Maiden, Metallica, Slayer, Motörhead, na moja ya Celtic Frost ambayo bibi aliliangalia jalada mara moja tu, akaagiza itoke chumbani mwake kabla ya adhana ya Magharibi.

Sasa nina mambo manne.

Karibu nusu yake, ukichungulia kwenye kile kidirisha, ukingo wa utepe una unga mweupe kama chokaa. Sijathubutu kuziweka kwenye deki. Zinaokoka?

Halafu Slayer, *Reign in Blood*. Hii ni safi, nimeisikiliza. Lakini upande A na upande B nyimbo ni zilezile kumi, kwa mpangilio uleule. Mjomba aliuziwa feki?

*Blizzard of Ozz*, albamu ya Ozzy, ndiyo iliyoliwa na ukungu kuliko zote, kwa hiyo nikaagiza CD ya mtumba. Nikampigia mjomba nikamwekea simu kwenye spika. Alisikiliza nusu wimbo, akasema: "Huyo anayepiga drams simjui." Ni uzee au kuna jambo?

La mwisho, kuna jamaa hapa mjini anataka kasha zima, elfu tano kwa kila kaseti, iwe na jalada isiwe nalo. Ananisumbua kila siku. Mnanishauri nini?

mzee_wa_bando

Nyimbo zote hizo zipo mtandaoni mkuu. Arobaini mara elfu tano ni laki mbili. Uza, ununue bando, umtumie mjomba linki.

Fundi Hedi

Marahaba Mpwa. Umefanya vyema kutoziweka kwenye deki. Ule unga ni ukungu hai, ukiupitisha kwenye hedi, ile sehemu ya deki inayosoma utepe, unabaki pale na kuhamia kwenye kila kaseti utakayoiweka baada yake. Nimetengeneza redio Dar es Salaam tangu enzi za National, na kaseti nyingi nilizoletewa kutoka pwani zilikuwa hivyo hivyo. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, kasha la bati halipumui, na sakafu ya saruji chini ya kitanda hutoa jasho msimu wa mvua.

Zinaokoka, ila usiwe na haraka. Zitenge zenye ukungu na zilizo safi, zisikae hata chumba kimoja. Zile mbovu zitie kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, vingi uwezavyo. Ziache humo siku kadhaa. Ukungu ukikauka hulala na kuwa vumbi, na vumbi linapanguswa. Ukiwa bado mbichi utaupaka tu kote.

Kisha tazama ganda la kila kaseti. Likiwa na skrubu tano una bahati. Nunua kaseti tupu yenye skrubu, ilaze mezani, ifungue, toa utepe wake, halafu hamishia ule wa mjomba na vigurudumu vyake viwili. Kabla hujagusa kitu piga picha kwa simu, kwa sababu kile kispringi chembamba chenye kipande cha sufi kinaruka kama panzi, na bila hicho utepe haugandamizwi kwenye hedi na sauti inakuwa ya mtu aliye ndani ya pipa. Kaseti isiyo na skrubu imegandishwa kiwandani. Hiyo unaipasua pembeni kwa kisu chembamba, taratibu, uso ukiwa mbali.

Kupangusa kufanyike nje, kivulini, si juani, na uvae barakoa. Zungusha utepe polepole kwa kalamu ya Bic, mkono mwingine umeshika kitambaa laini kikavu, usibane. Ganda na vigurudumu ndivyo vya kusafisha kwa spiriti. Utepe wenyewe usiuguse na siki wala Jik, nimeona watu wakifuta albamu nzima kwa usafi.

Na uwe tayari kwa hili: sauti itakayotetereka kwanza ni ya kushoto. Upana wa utepe haufiki hata milimita 4, na humo mmebanwa njia nne, mbili za upande A na mbili za upande B. Za kushoto ndizo zinazokaa ukingoni, ukungu unapoanzia. Ukisikia gitaa la kushoto linazama na kuibuka usikimbilie kubadilisha spika.

Ukimaliza kila kaseti safisha hedi na kile kigurudumu cha mpira. Kila kaseti, nasema. Na siku utakayoicheza, irekodi papo hapo kwenye kompyuta, hujui kama itakubali tena.

Kibao cha Nairobi

Mpwa, mjomba wako apewe maua yake, masikio ya huyo mzee bado yako timamu.

Tuanze na Slayer. Si feki. *Reign in Blood* ilitoka 1986 chini ya lebo ya Def Jam, produsa akiwa Rick Rubin, na albamu nzima haifikishi dakika 29. Nyimbo kumi! Ilitosha upande mmoja wa kaseti, basi wakairudia yote upande wa pili. Ukifika mwisho unageuza tu na kuanza upya, hakuna kurudisha nyuma. Mimi naiona ndiyo namna bora ya kuisikiliza albamu ile, bora hata kuliko santuri, maana kwenye santuri unainuka kuigeuza baada ya robo saa.

Sasa Ozzy. Geuza CD yako, soma mwaka ulioandikwa kwa herufi ndogo chini kabisa ya jalada la nyuma. Nahisi utakuta 2002. Albamu ilipotoka 1980, besi ilipigwa na Bob Daisley na drams Lee Kerslake. Baadaye wawili hao wakaingia kwenye kesi na upande wa Ozzy kuhusu malipo yao. Toleo la 2002 lilipotoka, besi na drams zao zilikuwa zimefutwa na kupigwa upya na Robert Trujillo na Mike Bordin. Gitaa la Randy Rhoads, aliyekufa kwenye ajali ya ndege 1982, likaachwa lilivyo. Yaani unamsikia marehemu akipiga na watu ambao hakuwahi kuingia nao studio. *Diary of a Madman*, albamu yake nyingine, ilifanyiwa vivyo hivyo. Mashabiki walilalamika miaka yote hiyo, na toleo la 2011 ndilo lililowarudisha Daisley na Kerslake.

Hapo ndipo ninapokosana na mzee_wa_bando. Linki inakupa kile ambacho mwenye haki ameamua usikie mwaka huu. Kaseti ya mjomba haikupata habari za kesi ya mtu yeyote. Kerslake yumo mle, chini ya ukungu, akipiga vilevile alivyopiga 1980.

Kwa hiyo *Blizzard* iwe ya kwanza kwenye ile ndoo ya Fundi. Na ukitaka CD, tafuta iliyotoka kabla ya 2002 au ile ya 2011. Muuzaji akikataa kukupigia picha ya jalada la nyuma, achana naye.

Kuhusu huyo mnunuzi: mtu anayelipa bei moja kwa yenye jalada na isiyo nalo, au hajui kitu, au anajua sana na kuna moja anayoitaka. Mpe kasha alichambue mbele yako, mwambie achague tatu tu. Tazama mkono wake unaanzia wapi.

mzee_wa_bando

Haya, la drams mmenishinda. Bando nitanunua mwenyewe.

Bi Santuri

Jamani na sisi wa santuri tusemwe vizuri. Niko Mombasa, unyevu ule ule, na santuri zangu zikiota ukungu naziosha kwa maji na tone la sabuni, nazianika kwenye kichanio cha vyombo, basi. Ni plastiki. Jaribu kuosha kaseti.

Halafu kuna majalada. Mpwa, kama kasha lina *Powerslave* ya Iron Maiden, ya 1984, chukua kaseti uitazame: utaona hekalu la Misri na kitu kama mchanga. Mimi nina santuri yake. Mchoraji wake, Derek Riggs, alijaza kuta za lile hekalu maandishi ya utani, na ukisogeza jicho unakuta Mickey Mouse amechorwa kati ya wale Wamisri, na mahali pengine mtu ameandika kwamba Indiana Jones alifika hapo 1941. Kwenye kaseti huoni hata moja, labda uwe na lenzi ya sonara. Mwanangu ana miaka tisa, hapendi kelele zangu, lakini jalada lile hulitandaza sakafuni na kulichunguza hadi uji unapoa.

Sisemi kila kitu kiwe santuri. Upande mmoja ukizidi dakika 22 au 23 sauti inaanza kunyong'onyea, ndiyo maana *...And Justice for All* ya Metallica, ambayo ina dakika 65, ilibidi iwe santuri mbili. Na sindano ni ghali, posta ni ghali kuliko sindano. Lakini hazijafa: Metallica wenyewe mwaka 2023 walinunua sehemu kubwa ya kiwanda cha santuri huko Virginia.

Na kama mnadhani hizi ni nyimbo za Wazungu peke yao, tafuteni Duma, vijana wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu. Albamu yao ilitolewa 2020 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Si metali ya kina Maiden, ni kali zaidi, mume wangu huniomba nisubiri atoke. Hiyo nunueni mpya. Baada ya miaka ishirini mtaitafuta kama huyo jamaa anavyolitafuta kasha la mjomba.

Mpwa wa Baharia

Wakuu nashukuru mno.

CD ni ya 2002, kama alivyosema Kibao. Nimemweleza mjomba, akacheka hadi akakohoa, halafu akaanza kumtukana mtu aliyefuta zile drams kwa maneno ya bandarini nisiyoweza kuyaandika hapa.

Jamaa alikuja jana. Mkono ulikwenda moja kwa moja kwenye Celtic Frost, *To Mega Therion*, akaigeuza kusoma namba za ubavuni kabla hata hajasalimia. Nikamwambia hiyo haimo kwenye bei. Akapandisha hadi elfu thelathini palepale mlangoni. Sijauza. Jalada limechorwa na H. R. Giger, nimeshasoma, na nimeihamishia kwangu ili bibi alale.

*Blizzard* imo kwenye ndoo. Fundi, swali moja: ganda lake lina skrubu tano kweli, lakini mbili zimeshika kutu na bisibisi inateleza. Nitie mafuta?

Fundi Hedi

Usitie mafuta, yataingia kwenye utepe. Weka kipande cha mpira wa baiskeli kati ya bisibisi na kichwa cha skrubu, kandamiza, zungusha kidogo kidogo. Zikigoma, niletee Kariakoo ukipita Dar. Usije Ijumaa mchana.