Mbunge apimwe kwa idadi ya michango? Tuchukue mfano wa Zitto Kabwe

Mleta mada

Wakuu, kila uchaguzi ukinukia yanaanza kuzunguka majedwali: fulani kachangia bungeni mara kadhaa, fulani kauliza maswali kadhaa, fulani kakaa miaka mitano bila kufungua mdomo. Watu wanayapokea kama matokeo ya mtihani. Mimi nasema jedwali la namna hiyo halipimi kazi. Ili tusibishane hewani, nachukua mtu ambaye hakuna atakayemwita bubu: Zitto Kabwe, Mbunge wa Kigoma Kaskazini kwa CHADEMA kuanzia 2005, kisha Kigoma Mjini kwa ACT-Wazalendo kuanzia 2015 hadi 2020.

Jedwali litampa alama za juu, sawa. Lakini sera zilizosogea kwa mkono wake unazihesabu kwa vidole. Agosti 2007 alileta hoja binafsi akitaka iundwe Kamati Teule kuchunguza mkataba wa mgodi wa Buzwagi, Kahama, ambao Waziri wa Nishati na Madini, Nazir Karamagi, aliusaini London wakati Serikali imeshasema mikataba ya madini inapitiwa upya. Hoja ikaangushwa, mwenyewe akasimamishwa hadi Januari 2008. Novemba 2007 Rais Kikwete akaunda kamati ya Jaji Mark Bomani kuipitia sekta ya madini, Zitto akiwa mmoja wa wajumbe. Ndipo tukaifikia Sheria ya Madini ya 2010: mrabaha wa dhahabu (sehemu ya thamani ya madini ambayo kampuni hulipa Serikali) ukatoka asilimia 3 kwenda 4, na ukaanza kukokotolewa kwenye thamani ghafi badala ya thamani iliyobaki baada ya kukata gharama za kusafirisha na kusafisha. Hilo la pili watu hulisahau.

Kwenye jedwali, hoja ya Buzwagi ni mchango mmoja. Aliyesimama siku hiyohiyo kupongeza hotuba ya Waziri, naye ni mchango mmoja. Karibuni.

Kifungu 1001

Mkuu, tujue kwanza kinachohesabiwa, maana mambo manne yametiwa chungu kimoja.

Kuna swali la msingi, linaloandikwa na kupelekwa ofisi ya Katibu wa Bunge mapema, likapangiwa siku. Jibu lake linaandikwa wizarani, Naibu Waziri anakuja kulisoma. Kuna swali la nyongeza: mwenye swali ana mawili, wengine wanasimama na Spika anachagua. Hapo ndipo hesabu hujazwa. Swali la msingi linahusu mradi wa maji wa Mbozi, mtu anadandia: "Je, na jimboni kwangu lini?" Anajibiwa kwamba Serikali inatambua changamoto hiyo na itaifanyia kazi fedha zikipatikana. Imekwisha.

Kuna mchango wa kuzungumza, kwa kawaida dakika kumi, na orodha ikiwa ndefu watu wanagawana tano tano. Na kuna mchango wa maandishi. Huu mtu hana haja ya kusimama: anaandika kurasa mbili, anakabidhi mezani, zinachapwa kwenye Hansard (kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge), Waziri anamtaja jina wakati wa kuhitimisha. Hakuna aliyeusikia ukumbini na mara nyingi hakuna aliyeujibu.

Sasa fungua Hansard ya siku yoyote ya bajeti uone dakika kumi zinavyokwenda. Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa uzima, nampongeza Rais, nampongeza Waziri, Naibu wake, Katibu Mkuu na watendaji wote, nawashukuru wapiga kura wangu. *(Makofi)*. Dakika mbili hizo. Inafuata orodha ya barabara. Kengele ya kwanza, anaongeza kasi. Kengele ya pili, anaunga mkono hoja kwa asilimia mia moja. Waziri ajibu lipi hapo?

Mwana Ujiji

Hapana wakuu, mnayabeza maneno kupita kiasi. Buzwagi ni ushahidi wangu mimi, si wenu. Kamati ya Bomani haikudondoka kutoka mbinguni. Hoja ilisomwa ukumbini mchana kweupe, ikasikika. Angeandika barua kwenda kwa mwenyekiti wa kamati ya kisekta (kamati ya Bunge inayosimamia wizara husika) ingelala kwenye faili hadi leo. Na ile adhabu ndiyo iliyofanya hadi muuza kahawa aulize mkataba huo una nini.

Halafu kuna kinga. Ibara ya 100 ya Katiba inalinda uhuru wa mawazo na majadiliano bungeni, mbunge hashtakiwi kwa alilosema humo. Mwandishi wa habari akiyaandika yaleyale kwa jina lake anaitwa mahakamani. Sasa mtu mwenye silaha hiyo asiposema, nani aseme?

Na kama maneno ya ukumbini hayana uzito, mbona Januari 2016 matangazo ya moja kwa moja ya TBC yalisitishwa? Sababu iliyotolewa ilikuwa gharama. Haya.

Kifungu 1001

Kuhusu kinga nakubali. Lakini mahali maneno yanapombana Waziri kwa kanuni, si kwa aibu tu, ni mahali pamoja tu, na majedwali hayapatazami: Kamati ya Matumizi.

Tuseme ni Fungu 49, yaani namba ya bajeti ya Wizara ya Maji. Waziri kasoma hotuba, mwenyekiti wa kamati ya kisekta kasoma maoni yake, wachangiaji wamemaliza, Waziri kahitimisha. Sasa Bunge zima linakaa kama Kamati ya Matumizi na Spika anaitwa Mwenyekiti. Katibu anaanza kusoma kifungu kimoja kimoja na kiasi chake. Cha kwanza huwa Kifungu 1001, Utawala, na ndani yake umo mshahara wa Waziri. Hapo tu ndipo unaruhusiwa kuhoji sera. Vifungu vinavyofuata unaomba ufafanuzi wa tarakimu, basi.

Majina ya wanaotaka kuhoji hupelekwa mezani mapema. Unasimama, unataja jambo moja, unasema usiporidhika utashika shilingi. Waziri anajibu. Hujaridhika: unatoa hoja ya kuondoa shilingi moja kwenye mshahara wake na kuomba wenzako wakuunge mkono. Wakisimama, hoja inajadiliwa na kupigiwa kura. Shilingi yenyewe haina maana. Maana yake ni kwamba kwa dakika hizo Waziri hawezi kukwepa: ama aseme kitu kipya, ama aende kwenye kura.

Linaloharibika ni matatu. La kwanza, mbunge anairudisha shilingi haraka mno. Waziri anasema "nimelichukua, tutakaa", na huyu anashukuru. Hakuna tarehe, hakuna kiasi, hakuna jina la mradi. Mwaka unaofuata hana pa kushika. La pili, muda. Saa ikifika linaingia gilotini, na vifungu vilivyobaki vinapitishwa kwa mkupuo bila mtu kuuliza. Watu wakimaliza muda wote kwenye 1001, fedha za miradi zinapita kama upepo. La tatu ni chama. Ibara ya 71 inasema ukipoteza uanachama umepoteza na ubunge, kwa hiyo mbunge wa chama tawala anaishika shilingi akijua mpaka anaoweza kufika.

Kuongeza fedha hawezi kabisa. Ibara ya 99 inazuia Bunge kushughulikia jambo la kuongeza matumizi au kodi kama halijaletwa na Serikali. Mbunge anayewaahidi watu wake "nitaongeza bajeti ya maji" anawadanganya, hata kama anachangia kila siku.

Jirani wa Thika

Hapo kwa Ibara ya 99 ndipo tunapotofautiana. Kwetu Kenya, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, Bunge la Taifa linaweza kuongeza fedha za idara moja mradi lipunguze kwingine kwa kiasi hichohicho. Kwa hivyo mbunge akienda kwa Kamati ya Bajeti na tarakimu zake, anaweza kutoka na kitu.

Majedwali nayo tunayajua. Shirika la Mzalendo Trust hutoa kadi ya alama kila mwaka, hesabu ikitoka kwa Hansard, na magazeti hukimbilia majina ya walionyamaza. Ni kazi nzuri, lakini anayesimama kutoa rambirambi anahesabiwa kama aliyekesha akirekebisha mswada.

Tarehe 25 Juni 2024, Mswada wa Fedha ulipitishwa kwa kura 195 dhidi ya 106. Hakuna aliyeuliza nani alihutubia vizuri. Kilichozunguka kwa simu ni majina: nani ndiyo, nani la. Siku iliyofuata Rais Ruto alisema hatautia sahihi. Nyinyi kura zenu ziko wapi?

Kifungu 1001

Jirani, umegusa kidonda. Bajeti za wizara hupita kwa sauti: wanaosema ndiyo, wanaosema siyo, nadhani waliosema ndiyo wameshinda. Jina halibaki popote. Ni bajeti kuu ya Serikali mwezi Juni ndiyo inayopigiwa kura kwa kuitwa majina, na hapo kuna Ibara ya 90 kichwani: Bunge likikataa bajeti, Rais anaweza kulivunja. Mtu anaitwa jina huku akijua "hapana" za kutosha zinamrudisha jimboni kuomba kura upya.

Mhasibu wa Halmashauri

Naomba kuongeza la kiutendaji, maana mchango unaojibika una namna yake ya kutengenezwa.

Katika vitabu vya bajeti, chukua Kitabu cha Nne, ndicho cha fedha za maendeleo (Kitabu cha Pili ni matumizi ya kawaida ya wizara). Tafuta namba ya mradi na kiasi kilichoidhinishwa. Kisha chukua hotuba ya Waziri ya mwaka huu, nenda pale anapoeleza fedha zilizopokelewa hadi Machi au Aprili. Tofauti ya hizo mbili ndiyo hoja yako. Wabunge wengi wanapigania kiasi kiandikwe kitabuni, wakati tatizo ni kwamba kilichoandikwa mwaka jana hakikutoka.

Ukishapata tofauti, uliza hati za malipo: mkandarasi ameshawasilisha ngapi, ngapi hazijalipwa, tangu lini. Mikataba mingi ya ujenzi ina riba ya kucheleweshewa malipo, kwa hiyo bomba la kilomita zilezile linazidi kuwa ghali huku limelala chini. Malizia na ripoti ya CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) kama mradi umetajwa humo, toa ukurasa. Swali lenyewe liwe hivi: mradi namba fulani, ziliidhinishwa kiasi hiki, zimetoka kiasi hiki, hati mbili za tangu Septemba zitalipwa tarehe ngapi? Dakika mbili na nusu zinatosha. Waziri akisema "tutalifanyia kazi", kila mtu ukumbini anaona amekwepa.

Anayekuja na "wananchi wangu wanateseka na maji" amesema kweli, ila amempa Waziri mlango wa kutokea.

Mleta mada

Mhasibu umenipa nilichokuwa natafuta. Tazameni sakata la fedha za akaunti ya Escrow ya Tegeta, 2014. David Kafulila wa Kigoma Kusini ndiye aliyelipigia kelele ukumbini, na kelele zile zilihitajika, Mwana Ujiji nakupa hapo. Lakini kilichowaondoa watu ni karatasi: ukaguzi maalumu wa CAG, kisha taarifa ya PAC (Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali) chini ya Zitto na makamu wake Deo Filikunjombe wa CCM, kuhusu zaidi ya shilingi bilioni 300 zilizokuwa kwenye akaunti Benki Kuu. Novemba Bunge likapitisha maazimio manane. Desemba Mwanasheria Mkuu Werema akajiuzulu na Waziri wa Ardhi, Profesa Tibaijuka, akaondolewa, Januari 2015 Waziri wa Nishati na Madini, Profesa Muhongo, akafuata.

Mwana Ujiji

Sawa, nami nikupe moja ambalo si hotuba wala karatasi ya kamati. Aprili 2012, baada ya ripoti ya CAG, Zitto alipitisha fomu ya saini kutaka kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Pinda. Ibara ya 53A inadai asilimia 20 ya wabunge na taarifa ya siku 14. Saini zikapita 70, wakiwemo wa CCM kama huyohuyo Filikunjombe. Siku 14 hazikupatikana kwa sababu mkutano ulikuwa ukingoni, kwa hiyo hoja haikusomwa kamwe. Mwanzoni mwa Mei mawaziri sita wakaachwa nje ya Baraza. Kwenye jedwali la michango, tukio hilo ni sifuri.

Kifungu 1001

Sifuri kwake, na sifuri kwa wale wote waliosaini. Ndiyo maana nikiletewa jedwali naomba safu moja iongezwe: shilingi ngapi ameshika, ngapi amerudisha, na kila moja Waziri alimpa tarehe gani. Yote hayo yamo kwenye Hansard, mwishoni mwa kila siku ya wizara, baada ya Kifungu 1001 kuitwa.