Projekta ao televisheni? Ukumbi wa sinema umenishinda

PapaJunior_BelAir
Jambo wote. Ninahitaji mawazo yenu kabla ya mwisho wa mwezi. Nimeweka pesa kidogo pembeni, sasa sijui nichukue projekta ya kurusha filamu ukutani ao televisheni kubwa. Ukumbi wa sinema nimeachana nao. Jumamosi nilienda na mama Junior, mara yetu ya kwanza tangu mtoto azaliwe. Nyuma yetu vijana wanne, mmoja alikuwa amekwisha kuiona ile filamu, basi kila kitu anakitangaza kabla hakijafika: "Huyu anakufa sasa. Ngojeni. Mmeona?" Mbele yetu papa mmoja akapokea simu, akabishana bei ya saruji mpaka wakaelewana. Tulitoka hatujui nani aliua nani, lakini bei ya saruji tunaijua. Mnanishauri nini?

Kunguru_39
Papa Junior, haujasema chumba kina ukubwa gani. Haujasema pesa ni ngapi. Haujasema kwenu umeme unakaa saa ngapi kwa siku. Tukushauri kwa maono?

FundiWaKenya
Miye natengenezaka bile bintu ku Kenya (kommini yetu ya hapa Lubumbashi, si inchi ya Nairobi), acha niseme.

Projekta ya ampuli haipendi umeme ukatike ghafula. Ukiizima vizuri, feni inabaki inazunguka kidogo ili ampuli ipoe. Umeme ukikatika, feni inasimama na ampuli ingali moto kama mbabula. Mchezo huo ukirudia-rudia, ampuli inakufa kabla ya siku zake, na bei ya ampuli mpya inaweza kukufanya ucheke peke yako barabarani. Za LED zinavumilia zaidi.

Halafu ile katoni. Wameandika 1080p kwa herufi kubwa, yaani picha kali. Soma tena polepole: mara nyingi maana yake inapokea picha ya 1080p, haina maana inaitoa. Ukiifungua hizi za bei ndogo, ndani unakuta nukta 800 kwa 480, kidogo sana. Watu wananiletea wakisema imeharibika. Haijaharibika, iko vile ilizaliwa.

Tena nyingi zinataka kama mita 3 kutoka ukutani ili picha iwe na upana wa mita 2. Pima chumba chako kwanza.

MamaNeema_Katuba
Mimi sijaelewa shida iko wapi. Makelele ndiyo nusu ya filamu. Tulipokuwa wadogo hapa Katuba tulikuwa tunalipa franka kidogo, tunabanana kwenye mabenchi ya mbao, televisheni moja juu ya meza, na kijana amesimama pembeni anatufasiria. Filamu ya Kichina, Kichina chenyewe hakijui, lakini anafasiri! Adui akiinua panga anasema, "Leo utanilipa deni la mjomba wangu!" Sisi wote: "Geuka nyuma! Geuka!" Na jamaa anageuka kweli. Nimekuja kuziona tena zile filamu nyumbani peke yangu, kimya. Hazina ladha. Deni la mjomba halimo.

PapaJunior_BelAir
Samahani, nilisahau. Sebule ni mita 3 na nusu kwa 4. Pesa ni dola 350, zikizidi nitalala nje. Umeme… mnajua wenyewe. Mara nyingi unarudi usiku wakati wote wamelala. Tutakuwa mimi, mama Junior na Junior mwenyewe, ana miaka 6, anapenda katuni sana.

Mama Neema, ninakuheshimu, lakini yule papa wa saruji hakuwa anafasiri kitu.

Kunguru_39
Mita 3 na nusu, utoe kabati, utoe kochi. Projekta utaiweka jikoni?

Papa_Mapacha
Umetaja katuni, basi ngoja nikueleze. Mpaka leo mama-mkwe akija kwangu anauliza kwanza kama televisheni imezimwa.

Ilikuwa siku ya komunyo ya kwanza ya mapacha wangu. Bukari, kuku, michopo, wakubwa na bia yao ya Simba, watoto kama ishirini kwenye barza. Nikataka watulie. Siku mbili kabla nilikuwa nimepita kwa kijana anayekopia filamu kwenye flashi, nikamwambia nipe katuni mpya za watoto, tano. Hakuuliza kitu, nami sikuuliza kitu. Moja ilikuwa na picha ya soseji zenye macho na mkate unaotabasamu. Nikasema hii nzuri, ni ya chakula.

Wenye kujua wamekwisha kunijua. Ilikuwa Sausage Party, ile ya Marekani ya 2016.

Inaanza na wimbo. Vyakula vyote vya duka vinaimba asubuhi, vinaamini wanunuzi ni miungu, na siku vitakapochukuliwa vitafika mahali pa raha ya milele. Mwalimu wa katekisimu alikuwa amekaa mbele, akatikisa kichwa kwa kuridhika: "Ona, hata katuni zinafundisha mbingu." Nikajiona baba wa mfano.

Dakika chache tu, soseji ikatukana. Ilikuwa kwa Kifaransa, na Kifaransa cha mama-mkwe ni cha kuhesabu pesa sokoni. Akamuuliza pacha mmoja, "Anasema nini huyu?" Na mtoto, kwa sababu tumemlea kujibu wakubwa anapoulizwa, akamfasiria. Neno kwa neno.

Nikatafuta rimoti. Betri zilikuwa zimehamia kwenye redio. Nikabonyeza upande wa televisheni, ni zile zisizo na kitufe kinachoonekana. Nikajaribu kusimama mbele ya skrini, watoto wakainama wanaangalia kwa chini ya mikono yangu. Mwisho nikang'oa waya ukutani, na kwenye waya ule kulikuwa pia muziki na frigo, sherehe nzima ikanyamaza. Katika ule ukimya, pacha wa pili akauliza kwa sauti: "Papa, kwa nini yule mkate…" Nikamkata hapo.

Nasikia mwisho wa filamu ndio mbaya zaidi. Sikufika, Mungu ni mwema.

Papa Junior, sasa fikiria hiyo ingekuwa ukutani, upana wa mita 2.

Kunguru_39
Nimecheka mpaka jirani amegonga ukuta.

MwanaUNILU
Pole Papa Mapacha, lakini kosa si la katuni. Sisi hapa mtu akiona kitu kimechorwa anamwita mtoto. The Simpsons iko tangu 1989, na mzaha wake mwingi ni wa wazazi. Persepolis ya 2007 karibu yote imechorwa nyeusi na nyeupe, ni msichana wa Teheran anayekua katikati ya mapinduzi na vita. Hiyo utamwekea mtoto wa miaka 6? Ilipata tuzo ya jopo la waamuzi kule Cannes. Na sisi wenyewe tunaye Jean-Michel Kibushi, aliyetengeneza filamu ya chura anayekwenda kwa wakwe zake mwaka 1991. Hadithi ya bibi kabisa, lakini mtu mzima anaisikia kwa sikio lingine.

Papa_Mapacha
Mwanafunzi, chura kwenda kwa wakwe sina neno. Mimi soseji zilikuja mpaka kwa mkwe wangu.

YayaLikasi
Mmesema filamu, acheni nitoe la moyoni. Oppenheimer ya 2023, ile ya bomu la atomiki. Saa 3. Nimekaa saa 3 nikingoja wataje Shinkolobwe, mgodi wetu wa uranium. Sisi wa Likasi tunajua uranium iliyokwenda Hiroshima kwa sehemu kubwa ilitoka wapi. Sengier, mkubwa wa Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, alikuwa amekwisha kupeleka zaidi ya tani elfu moja New York kabla Wamarekani hawajaja kumuuliza mwaka 1942. Kwenye filamu wanatia gololi ndani ya bakuli la kioo kuonyesha uranium inavyoongezeka. Imetoka wapi? Gololi tu. Oscar 7!

Na ile ya 2016 ya Jadotville, yaani Likasi yetu, picha zake walizipigia Afrika Kusini. Niliangalia milima nikasema hii si ya kwetu.

FundiWaKenya
Yaya, papa wa watu anataka kununua televisheni.

YayaLikasi
Anunue. Lakini ajue anachoonyeshwa.

Kunguru_39
Mimi ya mwisho kunishika ni Augure ya Baloji, ile ya 2023. Kijana wa hapa hapa, amezaliwa Lubumbashi. Na ukitaka kuelewa filamu anza na jina lake mwenyewe: baloji, wachawi. Mtu ametoka Ubelgiji na mchumba wake mzungu mwenye mimba kuwaona wazazi, anabeba mtoto wa ndugu yake, damu inamtoka puani inamdondokea mtoto. Familia yote inaruka.

Niliiona pamoja na watu wengi. Ile damu ilipodondoka, ukumbi mzima ulisema "Yooo!" kwa sauti moja, na mama mmoja nyuma akasema, "Na mimi ningemnyang'anya mtoto." Wakaanza kubishana palepale, wengine upande wa kijana, wengine upande wa familia. Nikakosa maneno ya dakika tano zilizofuata. Hapo Mama Neema nampa nusu ya haki: ningeiona nyumbani nisingejua kwamba robo ya watu walio karibu nami wangefanya vilevile.

MamaNeema_Katuba
Nusu tu?

Kunguru_39
Nusu. Simu ya saruji inabaki dhambi.

MwanaUNILU
Papa Junior, kama ni kimya unachotafuta, Halle de l'Étoile, kile kituo cha utamaduni cha Wafaransa, wanapoonyesha filamu watu wanakaa kama kanisani. Hata kukohoa unaona haya.

MamaNeema_Katuba
Nimewahi kwenda. Nilicheka mahali pa kuchekesha, wakanigeukia kama nimeiba. Watu wamekaa mikono kwenye magoti wanangojea mjadala wa mwisho ili waseme Kifaransa. Hapana, asante.

FundiWaKenya
Nirudi kwenye kazi. Kwa dola 350 na sebule ile, televisheni ya inchi 43 na stabilaiza nzuri, pesa itakayobaki weka kwenye betri. Stabilaiza usiikwepe: umeme ukirudi unarudi na hasira. Projekta utaifurahia usiku, nje uani, ukutani kwa lupango (kiwanja chenye nyumba). Kwako lupango ni ya peke yako?

PapaJunior_BelAir
Kusema kweli, hapo ndipo wazo la projekta lilipotokea. Ukuta wa lupango upande wa nyuma nimeupaka chokaa mwezi uliopita, ni mweupe kabisa. Tuna wapangaji watatu, kila mmoja na watoto wake.

Kunguru_39
Ngoja. Umekimbia vijana wanne ukumbini, unataka kurusha picha ya mita 2 katikati ya lupango yenye familia nne?

MamaNeema_Katuba
Hahaha! Papa Junior wangu! Hata wa lupango ya jirani watapanda ukuta. Nitakuja na kiti changu. Nitafasiri bure.

PapaJunior_BelAir
Sikuwa nimeifikiria kwa upande huo. Mama Junior ndiye aliyesema wapangaji watakaa kimya kwa heshima.

Papa_Mapacha
Heshima ya mpangaji inaishia mahali adui anapoinua panga. Na flashi uiangalie mwenyewe kwanza, peke yako, mpaka mwisho.

YayaLikasi
Anayejua filamu yoyote iliyopigwa Shinkolobwe penyewe aniandikie. Si gololi.

FundiWaKenya
Papa Junior, kesho niko kazini mpaka saa kumi. Njoo na vipimo vya ukuta, nitakuwashia moja ya LED ya mteja uione, kama umeme utakuwepo. Usilipe mtu yeyote kabla.

PapaJunior_BelAir
Nitapita. Lakini televisheni sijaikataa bado. Mama Junior anasema tungoje kwanza bei ya saruji ishuke, tumalizie choo cha nje.

Kunguru_39
Yule papa wa ukumbini, aliipata kwa bei gani?