Tunahamisha majalada ya wagonjwa kwenye kompyuta: tuanze na ulinzi upi?

Mtunza Masjala ameuliza:

Wanajukwaa, salaam. Ninasimamia masjala ya kituo cha afya chenye wafanyakazi wapatao arobaini, na tangu mwaka jana tumekuwa tukihamisha majalada ya karatasi kwenda kwenye mfumo wa kompyuta. Uongozi umetenga fedha kidogo kwa ajili ya usalama wa taarifa, na tayari muuzaji mmoja anatushawishi tununue programu ya bei ghali ambayo, kwa maneno yake, itamzuia kila mdukuzi.

Mimi nina wasiwasi wa namna nyingine. Kompyuta ya mapokezi ina nywila moja inayojulikana na watu wote, na imeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa pembeni mwa kioo chake. Mtumishi aliyeacha kazi miezi sita iliyopita bado yumo kwenye orodha ya watumiaji, na akaunti yake iko hai. Majibu ya maabara hupigwa picha kwa simu binafsi na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp la zamu ili daktari ayaone haraka. Nakala rudufu tunayo, lakini iko kwenye diski ya nje ambayo haijawahi kuchomolewa tangu ilipochomekwa.

Kwa fedha hizo chache, kipi kitangulie? Na je, ninakosea kuyaogopa haya kuliko ninavyomwogopa mdukuzi wa mbali?

Fundi wa Mifumo amejibu:

Hukosei, ndugu yangu, kwa sababu mdukuzi wa mbali naye hupenda kupita kwenye mianya hiyo hiyo unayoiogopa. Mwezi Februari 2024 kampuni ya Change Healthcare ya Marekani, ambayo hushughulikia malipo na madai ya bima ya hospitali nyingi mno, iliingiliwa na watu waliotumia jina na nywila ya wizi kwenye lango la kufanyia kazi kwa mbali, lango ambalo halikuwa na uthibitisho wa hatua mbili, yaani uthibitisho wa pili unaodaiwa baada ya nywila, kama namba inayotumwa kwenye simu. Kampuni ililipa kikombozi, yaani fedha walizodai wavamizi, cha dola milioni 22, na bado taarifa za watu takriban milioni 190 zilihesabiwa kuwa zimeguswa. Sidhani kama hawakuwa na uwezo wa kununua programu anayoisifu muuzaji wenu.

Kwa hiyo anza na akaunti. Chukua orodha ya watumiaji wa mfumo, uiweke kando ya orodha ya mishahara, kisha ulinganishe jina kwa jina. Mwaka 2018 hospitali moja ya Barreiro, Ureno, ilitozwa faini ya yuro 400,000 baada ya kubainika kuwa mfumo wake ulikuwa na akaunti 985 zenye hadhi ya daktari, ilhali madaktari waliokuwapo walikuwa 296. Hakuna aliyehitaji ujuzi wa udukuzi kuliona hilo. Lilihitaji mtu wa kuhesabu. Baada ya hapo kila mtu awe na akaunti yake, na akaunti ionyeshe yale tu ambayo kazi yake inayadai: karani wa mapokezi anahitaji jina, namba ya jalada na miadi, wala hahitaji kusoma maelezo ya ushauri nasaha.

Jambo la pili ni daftari la matumizi, yaani kumbukumbu ambayo mfumo huiandika kila mara jalada linapofunguliwa: nani, lini, na jalada la nani. Mifumo mingi ya siku hizi inayo, lakini haisomwi na mtu. Hospitali ya Haga nchini Uholanzi ilitozwa faini mwaka 2019 baada ya wafanyakazi wake wengi, ambao hawakuhusika na matibabu, kuchungulia jalada la mtu maarufu aliyekuwa amelazwa. Wote walikuwa na nywila halali. Programu ya kumzuia mdukuzi isingemwona hata mmoja wao.

Kompyuta mpakato na diski za nje zisimbwe, yaani yaliyomo yasisomeke bila nywila, ili atakayeziiba apate chuma tu. Usimbaji huo umo ndani ya mifumo mingi ya uendeshaji na mara nyingi hautozwi chochote cha ziada. Uthibitisho wa hatua mbili uwekwe kwanza kwenye barua pepe na kwenye kila mlango unaofunguka kutoka nje ya jengo. Programu ya muuzaji isubiri.

Muuguzi wa Zamu amejibu:

Ninakubaliana na Fundi katika mengi, lakini naomba niseme kwa niaba yetu tunaosimama wodini, kwa kuwa ushauri wa aina hii mara nyingi huandikwa na watu waliokaa. Nywila ile haikubandikwa kwenye kioo kwa uzembe. Ilibandikwa kwa sababu kuingia kwenye mfumo huchukua dakika nzima, mfumo hujifunga kila baada ya dakika tano, na muuguzi mmoja huenda akafungua majalada ya wagonjwa ishirini kabla ya saa nne asubuhi. Mkiiondoa karatasi bila kuuondoa ugumu wenyewe, nawahakikishia karatasi nyingine itabandikwa chini ya kibodi.

Mahali nilipofanya kazi zamani waliwahi kufunga kila kitu kwa nia njema, hata usiku mmoja tukashindwa kusoma mzio wa dawa wa mgonjwa aliyeletwa akiwa hajitambui, kwa sababu jalada lake lilikuwa la idara nyingine. Kilichotusaidia baadaye ni mambo mawili. La kwanza ni kadi ya kugusisha: unagusa, ukurasa wako unafunguka pale ulipouachia, unagusa tena na unafungika. La pili ni njia ya dharura, ambayo humruhusu mhudumu kulifungua jalada lolote akiandika sababu, kisha msimamizi huzipitia sababu hizo zote kesho yake. Hakuna anayezuiwa kuokoa maisha, na hakuna anayechungulia bila kujulikana.

Kuhusu WhatsApp, Mtunza Masjala, msilivunje kundi hilo kabla hamjampa daktari njia nyingine yenye kasi ileile. Ila kuanzia leo ondoeni jina la mgonjwa kwenye picha, mbakishe namba ya jalada, na mwangalie ni nani bado wamo kwenye kundi ingawa walikwisha kuhama.

Fundi wa Mifumo amejibu:

Dada, nimekuelewa, na hoja ya kadi naiunga mkono. Niongeze tu kwamba ile desturi ya kulazimisha nywila ibadilishwe kila mwezi, ambayo huwafanya watu warudie nywila ileile kwa kuongeza tarakimu moja mwishoni, iliachwa hata na taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, katika mwongozo wake wa mwaka 2017. Nywila ndefu isiyobadilishwa mpaka pawepo dalili ya kuvuja inatosha.

Mlinzi wa Nakala amejibu:

Hakuna aliyeigusa ile diski isiyochomolewa, nami ndiyo iliyonishtua zaidi. Programu hasidi zinazofunga mafaili na kudai kikombozi hufunga kila kinachofikika kutoka kwenye kompyuta iliyoambukizwa, pamoja na diski iliyochomekwa. Nakala ya namna hiyo itakufa siku ileile itakapohitajika. Kanuni ya zamani ya mafundi ni nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja iwe nje ya jengo. Mimi huongeza kwamba moja isiwe imeunganishwa na chochote.

Mwaka 2021 mfanyakazi mmoja wa huduma ya afya ya umma ya Ireland, HSE, alifungua faili lililoambatishwa kwenye barua pepe mwezi Machi. Wavamizi wakatembea ndani ya mtandao kwa takriban wiki nane, dalili zikaonekana zisifuatiliwe, na tarehe 14 Mei mafaili yakafungwa na mifumo ya HSE ya nchi nzima ikazimwa. Wahalifu walitoa ufunguo wa kuyafungulia mafaili bila malipo siku chache baadaye, na hata hivyo kurejesha seva zote kulichukua takriban miezi minne. Jiulizeni, basi, ninyi mtachukua muda gani, na msikisie: chagueni siku tulivu, mrejeshe nakala kwenye kompyuta tupu, mhesabu saa. Nimeona nakala zilizotunzwa kwa miaka mitatu ambazo hazikuwa na kitu ndani.

Masasisho nayo yasicheleweshwe. WannaCry, programu hasidi iliyoziumiza hospitali za Uingereza mwezi Mei 2017, ilipita kwenye tundu ambalo Microsoft ilikwisha kulitolea kiraka, yaani sasisho la kuliziba, mwezi Machi. Kama mna mashine ya picha inayotegemea kompyuta ya zamani isiyoweza kusasishwa, itengeeni mtandao wake pekee.

Mtunza Masjala ameuliza tena:

Nawashukuru nyote. Diski nimeichomoa asubuhi hii. Nina swali jingine: mkuu wetu anaamini kwamba taarifa zikivuja, ni heri tunyamaze ili tusiwatie wagonjwa hofu. Nimjibu nini?

Mwanasheria wa Faragha amejibu:

Mweleze kwanza kwamba uamuzi huo mara nyingi si wake. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, inayotumika tangu 2018, inataka mamlaka ijulishwe ndani ya saa 72, na wahusika wenyewe waambiwe bila kuchelewa ikiwa hatari kwao ni kubwa. Ile ya Marekani kuhusu taarifa za afya inaweka kikomo cha siku 60. Soma sheria ya nchi yenu, kwa kuwa nchi nyingi sasa zina kifungu kinachofanana na hivyo.

Kisha mweleze kuhusu Vastaamo, kampuni ya Finland iliyotoa tiba ya kisaikolojia. Kumbukumbu za wagonjwa takriban 33,000 ziliibwa, na mwezi Oktoba 2020 mwizi aliwaandikia wagonjwa wenyewe, mmoja mmoja, akidai yuro 200 ili asiyachapishe waliyomweleza mtaalamu wao faraghani. Kampuni ilitozwa faini, na kutotoa taarifa kwa wakati kulikuwa miongoni mwa makosa yake. Kadi ya benki ikiibwa hufutwa ikatolewa nyingine. Ugonjwa na siri ya mtu haviwezi kutolewa upya. Mgonjwa aliyejulishwa mapema walau huweza kujiandaa, akamwambia mwenzi wake kabla mwizi hajamwambia.

Na asidhani kuvuja kunahitaji mwizi. Mwaka 2015 kliniki moja ya London ilituma jarida lake kwa barua pepe kwa watu wapatao 780, wengi wao wanaoishi na virusi vya UKIMWI, na mtumaji akaweka anwani zote mahali ambapo kila mpokeaji aliziona. Kosa la sekunde moja, na lilitozwa faini ya pauni 180,000.

Mtunza Masjala ameandika:

Nimefanya hesabu aliyoniagiza Fundi. Wafanyakazi tuko 41 na akaunti ziko 58. Kumi na saba hazina mwenyewe, na tatu kati ya hizo zimetumika mwezi huu. Nizifute?

Fundi wa Mifumo amejibu:

Usizifute. Zizime, ili daftari la matumizi libaki na historia yake, kisha ulitoe nakala na kuihifadhi mahali pengine leo hii. Mjulishe mkuu wa kituo kwa maandishi kabla hujamuuliza mfanyakazi yeyote, na uangalie zile tatu zilifungua majalada ya nani, saa ngapi, na kutoka kompyuta ipi. Huenda ikawa ni muuguzi anayetumia akaunti ya mwenzake aliyehama. Huenda isiwe hivyo, na ikiwa sivyo, saa za Mwanasheria zimekwisha kuanza kuhesabika.