Vipimo vyote safi, mimba hakuna: tusubiri au tuanze matibabu?

BintiUyole
Habari zenu wadau. Nipo Uyole, Mbeya, nina miaka 29, mwenzangu 34. Tuna mwaka na nusu kwenye ndoa na hatujawahi kutumia uzazi wa mpango. Tumepima kila kitu: mayai yanapevuka, mirija imepigwa eksirei yenye dawa ikaonekana iko wazi pande zote mbili, mbegu za mume zipo vizuri kwa idadi na kwa mwendo. Daktari kaandika ugumba usiojulikana sababu. Yaani nimelipa hela yote ile ili niambiwe siumwi!

Sasa hospitali moja hapa mjini wameniandikia vidonge vya kupevusha mayai, na papo hapo wanasema nijiandae kwenda Dar kupandikiza mimba. Mume yuko tayari kuuza kiwanja chetu cha Igawilo. Mama mkwe hataki kiuzwe, anasema ana mganga wake Chunya. Wifi naye kila akija ananikagua tumbo kama msoma mita ya maji. Tuanze au tusubiri? Mume ni dereva wa lori, Dar hadi Tunduma, na mara nyingine anavuka mpaka, kwa hiyo haya yote tunayaongea kwenye simu.

Nesi_Kihesa
Kamwene dada. Nimekaa kliniki ya akina mama hapa Iringa muda mrefu, na katika maelezo yako kilichonishtua ni hilo lori.

Ule mwaka mmoja unaotajwa kabla ya mtu kuitwa mgumba ni mwaka wa kukutana kila baada ya siku mbili tatu. Cheti cha ndoa hakihesabiwi. Yai likishatoka linaishi kama siku moja tu, mbegu zinaweza kulisubiri ndani hadi siku tano. Kwa hiyo siku za kushika mimba ni kama sita kwa mwezi, na zinaishia siku ile yai linapotoka. Ikiwa siku hizo bwana yuko Mikumi anabadilisha tairi, mwezi huo haumo kwenye hesabu. Chukua kalenda, piga alama miezi aliyokuwepo kweli. Ukikuta ni michache, tatizo lenu linaanzia kwa tajiri wa lori.

Halafu mzunguko wako ni wa siku ngapi? Siku ya 14 mnayoikariri, ukihesabu kuanzia siku ya kwanza ya hedhi, ni ya mwenye mzunguko wa siku 28. Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata.

Hivyo vidonge: kama yai linapevuka lenyewe, klomifeni, yaani dawa ya kupevusha mayai, peke yake haikusaidii. Mwongozo wa Uingereza wa 2013 unakataza kabisa kumpa mwanamke wa hali yako. Mwongozo wa Ulaya wa 2023 nao unasema ukifika wakati wa kutibiwa, hatua ya kwanza ni dawa za mayai pamoja na mbegu zilizosafishwa maabara zikawekwa kwenye kizazi kwa mrija mwembamba. Kupandikiza ni baadaye. Waingereza wenyewe kwa umri wako wanataka mjaribu jumla ya miaka miwili kwanza, kwa sababu katika wanandoa 100 zaidi ya 80 hupata mimba mwaka wa kwanza, na karibu nusu ya waliobaki hupata mwaka wa pili bila dawa. Kiwanja kiacheni kwanza.

Mama_Njombe
Nesi kasema kweli, ila asije dada wa umri wangu akasoma hapa akakaa kusubiri. Mimi nilianza kutafuta nikiwa na 37, na kliniki daktari aliniuliza umri kabla ya jina. Ukiwa na 35 na kuendelea ni miezi sita tu, kisha vipimo. Ukigonga 40 hata hiyo miezi sita usiingoje, nenda. Kwetu sisi hiyo "sababu haijulikani" mara nyingi ni mayai kuchoka, na hakuna kipimo cha kawaida kinachoonyesha ubora wa yai.

Dereva_Mstaafu
Wakuu, nimeendesha njia hiyo hiyo. Shemeji aongee na tajiri, aseme ana kliniki, basi, maelezo mengine ya nini? Na wewe dada usimpigie akiwa anapanda Kitonga kumwambia leo ndiyo leo, utatuulia mtu. Panda basi umfuate. Hakuna sheria kwamba mimba lazima ishikwe Uyole. Kifungua mimba wangu ni wa gesti ya Ilula, na mama yake mpaka leo akiona nyanya za pale anacheka peke yake.

BintiUyole
Ndaga fijo wote, nimecheka hadi machozi. Mzunguko wangu ni siku 33. Kalenda nimeitazama, miezi mingi siku za katikati yeye yuko kwenye foleni ya Tunduma. Vile vijiti vya mkojo vya famasi, vya kujua yai linakaribia kutoka, vinafaa? Nianze siku ya ngapi?

Nesi_Kihesa
33 toa 14, yai lako linatoka karibu na siku ya 19. Anza kupima siku ya 15, kila siku, na usinywe maji mengi kabla. Mstari ukikolea, yai linatoka ndani ya saa 24 hadi 36. Lakini kwa mwenye mume wa barabarani kijiti kinachelewa: kikionyesha leo na yeye yuko Morogoro, imekula kwenu. Awe nyumbani kuanzia siku ya 14 hadi ya 19, kijiti kiwe cha kuhakikisha tu. Mkienda hivyo miezi kama sita bila kitu, rudini kliniki mwulize habari za ule mrija mwembamba. Foliki asidi anza leo, mikrogramu 400 kwa siku.