Dola 1,000 za matumizi, watu sita, siku nne Disney World: zitatosha?

mama_watatu_GA

Wakuu habari za wikiendi. Naomba mnisaidie hesabu kabla sijagombana na baba watoto.

Tunaishi Georgia. Wiki ya kwanza ya Juni, shule zikishafungwa, tunakwenda Orlando, Florida, kwa gari. Tiketi za siku nne tumeshanunua, kila siku bustani moja ya michezo: Magic Kingdom, EPCOT, Hollywood Studios na Animal Kingdom. Nyumba ya kupanga iko Kissimmee, mji wa jirani, ina jiko na friji, imeshalipwa. Mafuta ya gari yana bahasha yake. Kwa hiyo msinielekeze kwenye tiketi za bei rahisi, huko tumeshapita. Ninachouliza ni hela ya kutumia tukishafika.

Tuko sita. Mimi na mume wangu, binti wa miaka 11, binti wa miaka 7, na kidume cha miaka 2 ambaye anatimiza 3 Agosti, ndiyo maana getini anapita bure. Wa sita ni mama yangu mzazi, yuko kwetu kututembelea kutoka Tanga.

Nimeweka pembeni dola 1,000, za zamu za Jumamosi tangu Oktoba. Mume wangu anasema zinatosha na chenji itabaki. Jirani yetu aliyekwenda mwaka jana ananiambia nizidishe mara mbili, maana watoto wakiona maduka ya kule wanakuwa viziwi. Mama naye ana wajukuu 14 Tanga na kila mmoja ameahidiwa "kitu cha Mickey". Tena ameshatangaza kwamba hawezi kushinda na baga siku nne, anataka tubebe chapati na maharage. Mume anaona aibu kuingia Disney na hotpoti. Hivi inaruhusiwa kwanza?

Nawasilisha.

Chalinze_Express

Yaani milioni mbili na ushee ni ya kula aiskrimu tu? Mimi wangu nawapeleka Kunduchi, wanaogelea mpaka macho mekundu, wanakula chipsi kuku, jioni tunarudi na nauli ya kesho. Haya, naweka mkeka hapa nijifunze.

mama_watatu_GA

Chalinze, Kunduchi ningeenda kwa mguu kama ningekuwa karibu. Kaa kwenye mkeka wako.

mwenyeji_kissimmee

Dada karibu, niko Kissimmee mwaka wa tisa na wageni wote wa ukoo wanafikia kwangu, kwa hiyo hesabu hii nimeifanya mara nyingi kuliko nilivyopenda.

Kwanza hotpoti. Inaruhusiwa! Chakula chako unaingia nacho, mradi kisiwe cha kuhitaji kupashwa moto, na pombe hairuhusiwi. Deli la kuhifadhi baridi pia linaruhusiwa likiwa si kubwa sana, ila barafu ya kumwaga wanaikataa. Gandisha chupa za maji usiku, zipange chini ya deli, mchana mnakunywa yakiwa yameyeyuka. Vyombo vya glasi marufuku, isipokuwa vile vya chakula cha mtoto mchanga. Na maji msinunue hata siku moja: nenda kaunta yoyote ya vyakula vya haraka inayouza soda, omba kikombe cha maji ya baridi, unapewa bure. Watu wanalipia chupa hatua tano kutoka kwenye kaunta hiyo kwa kutojua tu.

Sasa hela. Maegesho mara ya mwisho nilipolipa yalikuwa kama dola 30 kwa siku kwa wasiolala kwenye hoteli zao, ukilipa mara moja inafaa bustani zote siku hiyo. Mara nne, 120 zimeondoka kabla hamjashuka kwenye gari. Mlo mmoja wa kaunta kwa siku, wakubwa watatu na mabinti wawili, kidume akidonoa kwenu, weka 70. Siku nne 280. Mlo wa pili uwe ni hotpoti ya mama. Vitamu vitamu, weka 80 zote kwa pamoja na usizidishe, aiskrimu ile ya masikio ya Mickey peke yake inapita dola 6, na nyinyi ni sita.

Hapo umefika 480. Zinazobaki ndizo za kupigania.

Lightning Lane, yaani kulipia ili kupita foleni ya mkato, bei inapanda na kushuka kwa tarehe na bustani, na kwa Juni mara nyingi inapita dola 20 kwa kichwa. Vichwa vyenu vya kulipia ni vitano. Siku moja tu, mia imekwenda. Mimi ningeamka mapema, niwe getini kabla hawajafungua, nipande vile vikubwa saa mbili za kwanza. Jua likichomoza vizuri foleni zinakuwa kama za mwendokasi.

Kingine, Juni huku mvua ya radi inapiga karibu kila alasiri. Nunueni makoti ya mvua ya plastiki kwenye duka la vitu vya dola kabla ya safari. Ukisubiri mawingu ndipo ununue mle ndani, koti moja utalipa bei ya sita.

baba_wa_Lamu

Naunga mkono, ila maduka ndiyo hamjayagusa. Mimi ni mwenyeji wa Lamu, kwa sasa Dallas. Tulikwenda na vijana wetu watatu na kosa langu lilikuwa kuzishika pesa mimi. Siku ya kwanza niliambiwa "baba ninunulie" nadhani mara arobaini. Usiku mke wangu akapata akili: kila mtoto akapewa kadi ya zawadi ya Disney yenye pesa zake, basi. Kesho yake yule mkubwa alishika upanga wa plastiki, akageuza kibandiko cha bei, akaurudisha mahali pake taratibu kama mtu aliyeguswa na moto. Sikusema neno.

Lakini hesabu kodi. Kule kodi ya mauzo ni asilimia 6.5 na kibandiko hakiioneshi. Yule mtoto wetu mdogo alikwenda kaunta na kidoli cha dola 40 na kadi ya dola 40. Akaambiwa zimepungua 2 na senti 60. Machozi yaliyomwagika pale kaunta yangejaza deli la dada. Wape 45 kila mmoja na uwaambie ukomo ni 40.

Na siku ya Animal Kingdom, dada, mchelewe kutoka. Wamejenga mji wa kubuni unaitwa Harambe, umefanana na kwetu Lamu kwa kuta na milango, maandishi ya Kiswahili kila kona. Safari ya kuona wanyama imo kwenye tiketi, bibi na mtoto wote wanapanda. Watoto waombe kile kijitabu cha Wilderness Explorers, ni bure, wanazunguka bustani nzima wakifanya vijikazi na kukusanya vibandiko. Binti wa miaka 7 atasahau maduka. Hata maputo pale hayauzwi, kwa ajili ya wanyama, kwa hiyo unaokoa na hilo.

Mkichoka, nje ya lango kuna basi la bure mpaka Animal Kingdom Lodge. Si lazima uwe umelala pale, unasimama ukumbini nyuma unaangalia twiga wakila. Jengo lenyewe linaitwa Jambo House, bwawa linaitwa Uzima. Mama atajiona yuko nyumbani kwa watu wenye uwezo.

ndeko_Louisville

Jambo dada. Miye niko Kentucky, tulienda na batoto bane. Yote bamesema ni kweli. Miye naongeza ya barabara. Tulikodi gari kubwa kwa kampuni moja, hatukuuliza mambo ya ushuru wa barabara. Kule tulipita hakukuwa mtu wa kupokea franga, kamera ilipiga picha ya namba tu. Kisha mwezi mmoja nyumbani ikakuja bili: ushuru wenyewe ni kidogo, lakini kampuni imeweka malipo yake ya kila siku juu. Nikakaa chini.

Ninyi mkitoka barabara kuu ya I-75 mtaingia Florida's Turnpike, ni ya kulipa. Kama gari ni yenu na muna Peach Pass, kile kibandiko cha Georgia cha kulipia barabara, inasoma Florida pia. Hakikisha kuna pesa ndani tu.

mama_watatu_GA

Ndeko asante, Peach Pass tunayo na sikujua kama inavuka mpaka. Pole na hiyo bili.

Mwenyeji, nimemsomea mama kuhusu vyombo vya glasi. Ameguna. Achari yake ya maembe iko kwenye chupa ya glasi aliyokuja nayo kutoka Tanga, imefungwa kwa fulana tatu ndani ya begi. Kuihamishia kwenye plastiki anaona ni kuiharibu ladha. Tunaendelea na mazungumzo.

Mnaonaje tukikaa mezani mara moja, mgahawa wa wahusika wa katuni, mama apige picha na Donald Duck? Na wajukuu 14 niwafanyeje? Halafu mume amependekeza mama akae na kidume kivulini, sisi tupande na mabinti, hivyo hatuhitaji kulipia foleni.

shangazi_mkali

Mwanangu, hapo kwenye kukaa na mtoto kivulini nimesimama.

Mama mzazi umemtoa Tanga, umemkatia tiketi ya Disney, halafu akakae kwenye benchi na nepi? Msimfanye yaya. Kuna kitu kinaitwa Rider Switch, hakina malipo. Mnamwambia mhudumu mlangoni kwamba mna mtoto asiyefikia urefu: mmoja anapanda, mwingine anabaki na mtoto, kisha wanabadilishana bila yule wa pili kupanga foleni upya. Huyo wa kubaki awe wewe au mumeo. Mama apande anachotaka.

Pili, mpe mama pesa yake mkononi. Noti. Hata dola 100. Usimfanye mtu mzima aombe aiskrimu kwa mkwewe. Na miguu yake ifikirie, EPCOT peke yake kuuzunguka ule upande wa mataifa ni zaidi ya maili moja. Kiti cha magurudumu cha kusukuma kinakodishwa ndani kwa bei ya mlo mmoja wa kaunta. Atakataa asubuhi, atakitaka saa nane.

Mgahawa wa mezani acha. Bafe za wahusika wanatoza kwa kichwa, na kuanzia miaka 10 mtoto ni mtu mzima, kwa hiyo binti wako wa 11 analipa kama baba yake. Chakula kimoja kitakumeza bajeti ya siku tatu. Mkiamua kukaa mezani popote, angalieni bili kabla ya kuongeza bakshishi: kundi la watu sita na zaidi huwa wameshaweka asilimia 18. Nimewaona watu wanalipa mara mbili huku wanatabasamu.

mwenyeji_kissimmee

Shangazi kamaliza. Zawadi za wajukuu usinunue bustanini hata kidogo. Nenda Disney Character Warehouse, ipo kwenye maduka ya punguzo ya Vineland, wanapeleka mabaki ya maduka ya bustani kwa bei iliyokatwa. Hata Walmart za huku zina fulana za Mickey ukuta mzima. Wajukuu 14 weka 150.

Kwa hiyo 480 za mwanzo, kadi za mabinti 90, mama 100, zawadi 150. Unafika 820. Mia na themanini acha zilale. Lazima kuna mtu atachubuka mguu.

mama_watatu_GA (wiki tatu baadaye)

Wakuu tumerudi, tumeungua jua, tuko hai. Nilikuwa naandika kila kitu kwenye simu, mume ananicheka, basi haya.

Maegesho 120 kama alivyosema Mwenyeji. Milo ya kaunta 251, maana siku ya Magic Kingdom hatukununua chakula kabisa. Pale gari linabaki mbali, mnavuka kwa boti au treni ya juu, kurudi kula garini haiwezekani, tukaingia na deli. Mlinzi alifunua hotpoti, mvuke wa maharage ya nazi ukamjaa usoni, akauliza ni nini. Mume wangu, yule wa aibu, ndiye aliyeeleza kwa kirefu. Achari ilihamia kwenye plastiki.

Vitamu 96, nimezidisha. Mabinti 90, na mdogo amerudi na dola 11 kwenye kadi hataki mtu azitaje. Zawadi za Tanga 138. Plasta na dawa ya malengelenge 12. Kidume alimwona mtoto wa watu na kifaa cha kupuliza mapovu chenye taa, akalala chini pale pale njiani. 34. Najua, msiniambie.

Halafu siku ya Hollywood Studios mume alitulia sana na simu yake. Kumbe kanunua Lightning Lane ya watu watano. 133! Tuliyezoea kumsikia "chenji itabaki".

Pamoja na 100 za mama, jumla 974. Chenji imebaki, dola 26, na ananikumbusha kila asubuhi.

Baba wa Lamu, Harambe tulikaa saa nne. Kijana mmoja wa Kimarekani kamwambia mama "Jambo!" Mama akasimama, akamshika mkono: "Sijambo mwanangu, umeamkaje? Wazazi hawajambo? Umekula?" Kijana akabaki na tabasamu lile lile, mkono hauachiwi, foleni nyuma inasubiri. Shangazi, kiti cha magurudumu alikitaka saa saba na nusu.

Ila kuna jambo. Jana nampangia begi, nakuta zile 100 nilizompa. Katumia dola 7, aiskrimu moja. Nilipomuuliza akasema 93 ni za kuezeka banda la kuku, lile la zamani linavuja. Sasa kwenye hesabu yangu niziandike zimetumika au hazijatumika?

shangazi_mkali

Andika "mabati".