Kama unatembea kwa miguu yako basi huna ulemavu? Nani kaleta kipimo hiki?

Asalaam alaykum wanajamvi. Leo salamu ndefu sina, nimejaa mpaka hapa.

Anayejua anijibu: hapa kwetu Zanzibar, mtu mzima ili ahesabiwe ana ulemavu na asaidiwe, mpaka akatwe mguu? Maana kwa tulivyofanyiwa na kaka yangu, naona ndivyo ilivyo.

Kaka ni mchumaji karafuu, huku kaskazini Pemba, tangu hajaota ndevu. Tawi lilikatika akaanguka. Hakuvunjika mkono wala mguu, watu wakasema alhamdulillahi. Kumbe kilichoharibika ni kiuno: diski ya baina ya pingili za uti wa mgongo imetoka mahala pake, inabana mshipa wa fahamu. Mguu wa kushoto una ganzi kutoka takoni mpaka kwenye kidole gumba. Akisimama kidogo tu unamlegea. Kukaa nako ni adhabu. Hata kuchambua karafuu, kazi wanayoifanya bibi zetu na watoto, hawezi, kwa sababu pale unakaa chini jamvini umeinama. Chakula anakula kalala ubavu. Viatu anavalishwa na mwanawe.

Mtu huyo ndiye tuliyempeleka kutathminiwa. Barua ya sheha tunayo, cheti cha daktari tunacho, picha ya eksirei tunayo. Mhusika akamwambia, tembea mpaka mlangoni urudi. Kaka akatembea. Ni mtu mzima na heshima zake, hakutaka aonekane anajitia. Akaambiwa nyanyua mikono, akanyanyua. Basi, imekwisha! "Wewe mzima, mgongo unatuuma sote." Muhuri ukagongwa. Bahasha ya daktari haikufunguliwa, tumerudi nayo vile vile na gundi yake.

Hakuna aliyemuuliza anaweza kukaa muda gani. Hakuna aliyemuuliza kama anaweza kuteka ndoo ya maji, kama usiku analala, kama anaingia chooni peke yake. Na kesho yake baada ya huko kutembezwa hakuinuka kitandani, lakini hilo kwenye fomu halina pa kuandikwa. Ugonjwa wa mgongo na viungo ndivyo ulivyo: leo unamwona mtu barazani, kesho anageuzwa kama mtoto mchanga. Ukimpima kwa ile dakika moja uliyomwona, umempima nini?

Picha ya eksirei nayo ilitazamwa juu juu tukaambiwa "mifupa mbona mizima". Jamani! Eksirei inaonesha mfupa. Diski na mshipa wa fahamu haioneshi. Kipimo cha kuyaona hayo ni MRI, na mchumaji karafuu asiyechuma pesa ya MRI anaitoa wapi? Yaani ufukara wake ndio umegeuzwa ushahidi kwamba haumwi.

Na msinambie sheria hakuna. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Kifungu cha 1 kinataja upungufu wa muda mrefu wa mwili ambao, ukikutana na vikwazo, unamzuia mtu kushiriki sawa na wenzake. Hakisemi lazima uonekane kwa macho. Kifungu cha 28 kinazungumzia hifadhi ya jamii. Zanzibar wenyewe tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2022. Karatasi zimejaa.

Sasa aende wapi? ZSSF, yaani Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ina mafao ya ulemavu, lakini ni ya mwanachama aliyechangia. Karafuu unalipwa kwa ulichochuma, nani aliyekuchangia? Pensheni Jamii, iliyoanza Aprili 2016, ni ya wazee waliofika miaka 70. Kaka ana miaka 44. Alale ubavu miaka 26 aisubiri? TASAF, ule Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, inaangalia kaya masikini, sawa, lakini kaya kuwa masikini ni jambo moja na mtu kutoweza kazi ni jambo jengine.

Wala si wachumaji peke yao. Mama zetu wa mwani wanainama majini miaka na miaka, wanabeba mwani mbichi kichwani mpaka ufukweni. Magoti na viuno vyao vimekwisha, nao wanaambiwa "uzee huo". Mwanamke wa miaka 50 uzee gani?

Ninachotaka hakina makubwa. Fomu iulize mtu anaweza kufanya nini na kwa muda gani. Cheti cha daktari kifunguliwe na kisomwe. Ukimkatalia mtu, mwandikie sababu na umuonyeshe pa kukata rufaa, usimtoe kwa mdomo.

Aliyewahi kukataliwa kwa ugonjwa wa mgongo, nyonga au baridi yabisi kisha akakubaliwa, aniambie alipitia mlango gani na alipeleka karatasi zipi. Na kama yumo humu anayekaa kwenye hizo meza za tathmini, asinijie inbox. Anijibu hapa hapa, watu wote wasome: kwa nini bahasha haikufunguliwa?